Uzito wa Mbele

Baba yangu alikuwa fundi cherehani, na siku alipopata trekta alilipima kwa macho kama alivyowapima wateja wake, mabega kwanza, kisha kiuno, halafu akasema, "Masikini, halijavaa kitu."

Hapo ndipo balaa letu lilipoanza.

Trekta lenyewe lilikuwa dogo. Kwa mbali lilikuwa jekundu, ukilikaribia lilikuwa kutu. Alilipata kwa Mgiriki mmoja aliyekuwa akifunga shamba lake la mkonge arudi kwao. Mgiriki alitaka gari la kumfikisha Dar es Salaam yeye na masanduku yake, na Baba alikuwa na pikapu aliyokuwa akipelekea kanzu na kofia kwenye minada ya Chalinze na Lugoba. Wakabadilishana. Mgiriki akaondoka na pikapu yetu huku anapunga mkono, na Baba akaingia mjini Bagamoyo juu ya trekta, pole pole, watoto wa mtaa mzima wakimtangulia kwa miguu na kurudi nyuma kumngoja.

Mama alikuwa barazani anachagua mchele. Aliliangalia trekta, akaangalia nyuma yake aone kama pikapu inafuata, akaona haifuati.

"Pikapu iko wapi?"

"Imekwenda na Mgiriki," Baba akasema.

Mama aliinua ungo wake akaingia ndani na mchele haujaisha kuchaguliwa, na jioni ile Baba alikula wali wenye mawe. Kesho yake pia.

Lakini nisimwonee. Baba alilileta lile trekta kwa ajili ya Mama. Mama alirithi shamba kwa mama yake, katika kijiji kimoja kabla hujafika Kerege, na bibi mwenyewe amezikwa palepale, pembeni, karibu na mikorosho. Miaka ile kilimo ndicho kilichokuwa kikiimbwa redioni asubuhi na jioni, na mwenye shamba lililolala alikuwa anaonekana mtu wa ovyo. Kamati ya kijiji ikawaita wenye mashamba ikawaambia waziwazi: masika yakianza, shamba litakaloonekana bado pori watagawiwa wanaotaka kulima. Sikuweza kuwalaumu. Nililiona kwa macho yangu shamba lile, nyasi zimempita mtu urefu na vichaka vimejijengea miji. Mama alijaribu kwa jembe la mkono mpaka viganja vikachubuka, akapata kipande cha kutandika mkeka. Kuajiri watu haikuwezekana kwa kuwa kila mtu alikuwa na lake la kuwahi.

"Wakiligawa," Mama alisema siku moja anapaka mafuta viganja vyake, "nitamzuru mama yangu kwa kubisha hodi kwa nani?"

Maneno hayo yalimkaa Baba rohoni. Yeye jembe hakulijua, mikono yake ilijua sindano tu, na aliona haya kwamba mkewe anachubuka na yeye yuko kivulini anatia vifungo. Ndiyo maana pikapu ikaenda na Mgiriki.

Mimi nilikuwa nimerudi majuzi tu kutoka kambini, nilikokwenda na wasichana wenzangu kulitumikia taifa. Huko nilifundishwa kupika ugali wa kulisha kijiji na kuendesha trekta. Ugali Baba alisema hautaki, lakini la trekta alilishika. Nikalizunguka trekta letu, nikainama, nikachungulia nyuma, nikamwambia ukweli.

"Baba, trekta peke yake ni kiti chenye kelele. Linalolima si hili. Yanayolima ni ya nyuma."

"Ya nyuma yapi?"

Nikamtajia. Kwanza jembe lenyewe, lile la sahani za chuma za kupindua udongo, maana bila hilo tutakuwa tunatembea tu juu ya nyasi. Kisha haro ya kuvunja mabonge. Baadaye tela, ya kubebea mavuno kama Mungu akitujalia. Pini za kufungia, za chuma hasa, si misumari. Na vyuma vizito vya kufunga mbele, kwa sababu trekta dogo ukilitia jembe nyuma huwa jepesi mbele, na likinyanyua jembe linaweza kuinua pua na usukani usishike kitu.

Baba alisikiliza mpaka mwisho, anaitikia kwa kichwa kama mtu anayepokea oda. Kisha akaenda kwenye cherehani.

Juma lile alishona foronya ya kiti. Ilikuwa ya bafta nyeupe, ameitia nakshi za kofia ya viua pembezoni, kazi ambayo bwana harusi angeililia. Juma la pili akashona chandalua cha turubai chenye vishada, kikasimamishwa kwa vyuma vinne vya kitanda. Chuma cha nne kilitoka kwenye kitanda changu, nikawa ninalala kwa kuinamia upande. Akafunga vioo viwili vya kunyolea ndevu, kulia na kushoto. Akafunga maua ya plastiki kwenye taa. Kisha akapata honi ya zamani, ile yenye mpira wa kubonyeza, akaifunga pembeni ya usukani, na kila alipoibonyeza ilitoa sauti ya bata aliyekanyagwa. Mtaa mzima ulikuja kuibonyeza.

"Baba," nikasema, "na jembe?"

"Kila kitu na wakati wake. Kwanza litambulike."

Ubishi na baba yangu ulikuwa kazi bure. Lakini si kwamba la jembe hakulijua. Alijua vizuri sana lilipo, na hilo ndilo lililokuwa likimuuma.

Jembe la trekta lile lilikuwa kwa Mnyamwezi. Huyu alikuwa mzee wa makamo, amekata mkonge kwa Mgiriki ujana wake wote, kisha akajenga na kuoa palepale jirani na shamba la Mama. Mgiriki alipoanza kufunga, alimgawia jembe kwa kumshukuru, na Mnyamwezi, kwa kuwa hakuwa na trekta, akaliweka uani akawa anafungia mbuzi. Sisi tulikuwa na trekta lisilo na jembe, yeye alikuwa na jembe lisilo na trekta, na kati yetu palikuwa na vichaka tu. Mtu mwenye akili angesema jambo limekwisha. Lakini Mama ni Mzaramo, na Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na utani una mambo yake.

Yule mzee alikuwa akija mjini kwa baiskeli kuuza muhogo. Siku ya kwanza alipoliona trekta letu limesimama mbele ya nyumba na chandalua chake na maua yake, alishuka, akaegemeza baiskeli, akavua kofia.

"Shikamoo, bibi harusi," akaliambia trekta.

Watu wa baraza wakaangua kicheko. Baba alikuwa dirishani, sindano mdomoni.

"Huyu anaolewa lini?" Mnyamwezi akauliza. "Maana naona kapambwa, kapakwa, ila hajatoka nje kufanya kazi hata siku moja. Huyu kweli wa pwani."

Kisha akaifungua honi, taratibu, akaitia kwenye kikapu cha muhogo. "Hii naichukua. Kuna anayekasirika?"

Hakuna anayekasirika. Hiyo ndiyo sheria. Mtani akichukua chako mbele ya watu, ukicheka umeshinda, ukinuna umeshindwa, na ukishindwa utasimuliwa mpaka wajukuu. Baba akacheka, kwa meno tu.

"Lakini mimi si mtani wake," alimwambia Mama mlango ulipofungwa. "Mtani wake wewe. Sisi asili yetu Shirazi."

Nyumba yetu ilizoea hilo. Akifurahi, Baba alikuwa Mshirazi. Akikasirika, alitukana Kizaramo safi kuliko wajomba zangu.

"Aliyeoa kwa mtani ni mtani," Mama akamjibu. "Kacheke vizuri mara nyingine. Leo ulikuwa kama unaumwa jino."

Mnyamwezi akarudi siku ya soko iliyofuata akachukua vioo, akasema mbuzi wake wanataka kujiangalia. Akarudi akachukua maua. Baba akafunga maua mengine, yakachukuliwa nayo. Siku nyingine Baba akaenda Dar es Salaam, amevaa kanzu mpya, ametuapia kwamba harudi bila jembe. Akarudi jioni na ubao uliopakwa rangi nzuri, umeandikwa SUBIRA YAVUTA HERI, wa kufunga mbele ya trekta kama wa mabasi.

Mama akausoma. Akausoma tena.

"Yavuta heri," akasema. "Jembe nalo huvutwa na nini?"

"Majembe mapya yana orodha ya wanaongoja."

"Si uende kwa jirani yetu, umwambie tu."

Hapo Baba akasimama. "Nimwombe Mnyamwezi? Mimi? Nikimwomba yule jembe atanitangaza toka hapa mpaka Tabora. Atasema Mswahili wa Bagamoyo alinunua punda akasahau mkia. Mtani haombwi, mke wangu! Heri nikalime kwa mkasi!"

Mama alimtazama, kama mtu aliyesikia kitu kizuri ambacho msemaji mwenyewe hakukisikia. Na ubao nao siku ya soko ukaenda kwenye kikapu cha muhogo.

Mawingu yakaanza kujikusanya. Kila asubuhi Mama alitoka nje kabla ya chai akitazama upande wa bahari. Habari zilikuja kwamba kamati imeshaanza kupita mashambani. Mjomba, aliyekuwa akikaa kijijini kule, akatuma salamu kwamba wamesimama kwenye mikorosho yetu, wamenyoosheana vidole, wameondoka. Nilimwona Mama akikunja kanga zake za kulimia, akiziweka chini kabisa ya sanduku, kama za mtu aliyehama. Nilikasirika. Nilimkasirikia Baba na bafta yake, nikamkasirikia Mnyamwezi na kikapu chake, nikalikasirikia hata trekta.

Asubuhi moja baada ya hapo, Baba amekwenda msikitini, Mama akatoka na buibui lake.

"Washa," akaniambia.

"Twende wapi?"

"Washa, we mtoto. Maswali utaniuliza njiani."

Akapanda, akakaa juu ya digadi, lile bati linalofunika gurudumu, mguu mmoja ameukanyagia pasipokanyagwa, mkono mmoja ameshika chuma cha chandalua, buibui linapepea. Bagamoyo nzima ilitoka barazani kutuangalia. "Shikamooni!" Mama akawasalimu wazee mmoja mmoja, kwa adabu zote, sauti juu ya mtutumo, na kwa mwendo wetu alipata nafasi ya kujibiwa na kila mmoja, na kuulizwa habari za nyumbani.

Nikamuuliza tunakwenda kuomba nini.

"Kuomba?" Mama akasema. "Hukumsikia baba yako? Mtani haombwi. Mtani huchukuliwa."

Ikaniingia akilini pale pale, nikacheka nusura tuingie mtaroni. Wiki zote zile Baba alikuwa amekalia jibu kama kuku anayeatamia, na hakujua. Mtoto wa mjini alijua kwamba mtani akikuchukulia unatakiwa ucheke. Hakukumbuka kwamba mlango huo una pande mbili.

Tulifika jua limepanda. Mnyamwezi hakuwapo uani, mkewe ndiye aliyekuwa anatwanga. Mama akashuka, akamwamkia vizuri, akauliza habari za watoto, za mguu wake, za mvua, kisha akaenda moja kwa moja kwenye jembe akaanza kuwafungua mbuzi.

"Kulikoni, mtani?" mke wa Mnyamwezi akauliza.

"Nachukua," Mama akasema. "Kuna anayekasirika?"

Mwanamke yule akatua mchi. Akatazama jembe, akatazama trekta, akatazama njia inayotoka chooni, ambako mumewe alikuwa na kopo lake. Akaanza kucheka taratibu, tumbo likitangulia, mpaka akashika kinu asianguke. Majirani wakaja kusikiliza kunani. Mimi nilikuwa nimesharudisha trekta nyuma na ninahangaika kulifunga jembe. Pini moja ilikuwepo, imeshika kutu. Ya pili haikuwepo. Mama akang'oa kigingi cha chuma alichofungiwa mbuzi mwingine pembeni, akaniletea. Kikaingia kama kimetengenezewa.

Mnyamwezi akatokea kwenye kona, kopo mkononi, akaona mbuzi wake wanakula nguo iliyoanikwa na jembe lake limeota trekta.

"Mtani!" akapiga kelele. "Hilo jembe langu!"

Mkewe akainua kidole.

"Umekasirika?"

Nilimwona yule mzee akiwatazama majirani mmoja mmoja. Kisha akatoa meno. Yalikuwa yale yale ya Baba, meno ya kuumwa jino.

"Mimi? Sijakasirika. Nasema tu kwamba ni langu."

"Lilikuwa," Mama akasema, na watu wakapiga makofi.

Tukaingia shambani na kijiji nyuma yetu. Nikashusha jembe, nikaenda kidogo, sahani zikazama, udongo mweusi ukageuka upande wa pili na mizizi yake, na Mama akapiga kigelegele ambacho nadhani bibi alikisikia alikolala. Kikakatikia njiani. Nilipofika mwisho wa mstari nikanyanyua jembe ili nigeuze, na trekta likainua pua. Magurudumu ya mbele yalikuwa hewani, nami nilikuwa nimelala chali kwenye foronya ya bafta, natazama vishada vya chandalua. Nikashusha, pua ikashuka. Nikanyanyua, ikanyanyuka. Nikajaribu kwa hila, kwa pole pole, kwa bismillahi. Trekta likawa linasali, linainuka na kuinama.

"Uzito wa mbele," nikasema. "Nilimwambia Baba."

Tukafunga gunia la mchanga mbele ya boneti. Halikutosha, na lilichanika. Tukataka mawe, na shamba lile lina kila kitu isipokuwa mawe. Mbali kidogo, upande wa mikorosho, watu wa kamati walikuwa wamesimama, wamekunja mikono, wanatazama trekta linalorukuu. Mama naye aliwaona. Nilimwona anatafuta kwa macho, huku na huku, mpaka macho yake yakatua kwa Mnyamwezi, mtu mnene, mwenye mabega, amesimama na kopo lake bado.

"Mtani," Mama akasema. "Panda."

"Nipande wapi?"

"Mbele. Babu zako walibeba mizigo toka Unyamwezi mpaka Bagamoyo. Leo wewe ndiye mzigo."

Kicheko kilichotoka pale kiliwatimua ndege. Mnyamwezi alitikisa kichwa, akaweka kopo chini, akasema lazima ajibu kwanza, maana hawezi kutaniwa hivyo akapanda kimya.

"Haya, napanda. Lakini mjue babu zangu walipofika na mizigo, waliwakuta babu zenu Wazaramo wamelala. Na mpaka leo shamba lenu lilikuwa linawasubiri muamke!"

"Panda, porojo baadaye."

Mnyamwezi akamtuma mtoto nyumbani kwake. Mtoto akarudi na honi, na vioo, na ubao wa SUBIRA YAVUTA HERI. Mnyamwezi akaupachika ubao mbele, akapanda juu ya boneti kwa juhudi nyingi na msaada wa majirani wawili, akakaa akitazama mbele, miguu huku na huku, honi mkononi. Nikanyanyua jembe. Pua haikuinuka hata kidogo.

Hivyo ndivyo tulivyolima. Kila mwisho wa mstari alibonyeza honi, ikalia kama bata, nikageuza. Akiona kisiki anapiga kelele, akiona nyoka anapiga kelele zaidi, na mara moja alipiga kelele bila sababu ili Mama ashtuke. Mama alitembea nyuma yetu anaokota mizizi na kumtukana, na yeye anamjibu bila kugeuka. Mistari yangu haikunyooka. Kambini wangenirudisha. Lakini nyasi zilikuwa chini ya udongo, na udongo ulikuwa juu, na ndiyo kulima.

Baba alifika alasiri kwa basi, amekimbia toka barabarani, kanzu ameikunja mpaka magotini. Alikuwa ameambiwa mjini kwamba mkewe na bintiye wametoroka na trekta. Alisimama ukingoni mwa shamba akatazama. Aliliona jembe. Aliuona ubao wake. Aliisikia honi yake. Alimwona mke wake mwenye buibui lililofungwa kiunoni, uso umejaa vumbi, anacheka kama hajapata kucheka tangu pikapu iondoke. Na mbele ya yote alimwona Mnyamwezi, kifua mbele, kama liwali anayekagua mji.

Akapunga mkono nisimame. Nilizima trekta, nikasema moyoni, basi, leo atanuna na kila kitu kitaharibika.

Baba alikwenda mpaka mbele, akamtazama Mnyamwezi kutoka chini.

"Umekaa kwenye chuma kitupu?"

"Nimekaa," Mnyamwezi akasema. "Na chuma kinachoma, ndugu yangu. Nimestahimili mengi leo, ila hilo la nyuma yangu silistahimili."

Baba akampima kwa macho. Mabega, kiuno, na penyewe panapohusika. Akatoa sindano kwenye ukosi wa kanzu, akaomba lile gunia lililochanika, akaomba nyasi kavu, akakaa chini udongoni mwenyewe na nguo nyeupe, akashona mto. Alishona haraka, meno yanakata uzi, na alipomaliza akauweka juu ya boneti na kuugonga gonga kwa kiganja.

"Kaa sasa."

Mnyamwezi akakaa. Akajizungushazungusha. "Wallahi," akasema, "Mshirazi huyu ana manufaa."

Na Baba akacheka. Meno, macho, tumbo, vyote.

Kamati ilikuja jua likielekea kushuka, wakatembea juu ya mistari yangu iliyopinda, mmoja wao akajikwaa. Mwenyekiti akauliza shamba ni la nani. Kabla Mama hajafungua mdomo, Mnyamwezi alijibu kutoka juu ya mto wake. "Hili lina mwenyewe, ni huyu mtani wangu, na mama yake yuko pale. Hamjamwamkia." Watu wale wakageuka kwenye mikorosho wakatoa salamu. Mama akaangalia pembeni, akapangusa uso kwa ncha ya buibui, akasingizia vumbi.

Mvua ilikuja ndani ya juma lile. Tukapanda mahindi na mbaazi, na muhogo upande wa kaburi. Jembe halikurudi kwa Mnyamwezi na wala hakulidai, ila alikuwa akija yeye mwenyewe kila msimu, na mto wake kwapani. Baadaye tulipata haro, na tela. Hata vyuma vya mbele tulivipata, vizuri, vya kiwandani. Baba alivifungia ghalani. Alisema haviwezi kupiga honi.

Miaka ikapita hivyo, mpaka asubuhi moja kabla ya masika mjomba alipokuja kutuambia kwamba Mnyamwezi wetu amefariki usingizini.

Tulikwenda wote kwa trekta, pale juu ya boneti pakiwa wazi. Mama ndiye mtani, na msiba wa mtani una kazi yake: wenye kulia wanalia, wewe unatakiwa uwachekeshe mpaka wapate nguvu ya kumeza. Alianza mlangoni. Alisimama mbele ya jeneza akatandaza mikono.

"Hatoki huyu mpaka arudishe honi ya mume wangu!"

Mjane akaingia ndani akaileta. Mama akawapisha wanaume, wakaenda na jeneza, Baba akiwa ameshika upande wa mbele. Sisi wanawake tukabaki uani na kilio chetu. Ndipo Mama akaitisha kofia ya marehemu, akaivaa. Akakipindua kinu, akakaa juu yake, miguu huku na huku, kifua mbele.

"Endesha, we mtoto!"

Nikachukua ungo nikaketi nyuma yake, nikaushika kama usukani. Nikatutumisha midomo. Mama akapiga kelele za kisiki, akapiga kelele za nyoka, akamtukana Mzaramo anayeokota mizizi nyuma, yaani akajitukana mwenyewe kwa sauti ya yule mzee hasa, na wanawake wakacheka, na mjane akacheka tumbo likitangulia kama siku ile ya mbuzi, machozi yanamtoka. Tukafika mwisho wa mstari. Mama akabonyeza honi.

Mpira ulikuwa umepasuka kwa uzee. Ilitoka pumzi tu.

Akabonyeza tena. Kisha akaishusha mapajani, kofia ile kubwa imemfunika mpaka kwenye nyusi.

"Simamisha, mwanangu," akasema. "Mbele hapana mtu."

Nikauweka ungo chini.